Gemu za sandboksi: uhalisia au urahisi, uende na ipi?

Kwenye Minecraft, gemu ambayo dunia yake imejengwa kwa bloki, ukikata mti ukatoa bloki moja tu ya chini, mti mzima unabaki unaelea hewani kana kwamba hakuna kilichotokea, na tangu Markus Persson aitoe hadharani Mei 2009 watu wamezoea hivohivo na wananunua tu, mpaka Oktoba 2023 ikatangazwa zimeshauzwa nakala zaidi ya milioni 300. Kwenye Valheim, iliyotoka Februari 2021, mti ukiukata unaanguka kweli, unagonga mwenzake nao unaanguka, gogo linabiringika mteremkoni na likikukuta umezubaa linakuua, yani umekufa kwa mti, siyo kwa zimwi wala mchawi. Zote mbili ni sandboksi, yani gemu zinazokuachia dunia uamue mwenyewe ufanye nini, na zote mbili watu wanazipenda kinoma. Sasa nani kapatia?

Nalinganisha hapa njia mbili, ya uhalisia na ya urahisi, kwa ajili ya watu wa aina mbili. Kuna wewe unayetaka kujua hela na bando lako uvipeleke kwenye gemu gani, alafu kuna wewe uliyeshusha Godot au Unity, programu za kutengenezea gemu, unataka kutengeneza sandboksi yako ya kwanza na kichwani umeshajaza mambo kibao, njaa, kiu, majeraha, misimu, bei za sokoni, mpaka mhusika wako awe anabanwa na haja. Msimamo wangu nautoa mapema usije ukasoma kwa kuvizia: uhalisia unanunuliwa, na unalipiwa kwa muda wa mchezaji, kwahiyo ulipie pale tu unapomfanya mtu aamue kitu. Kwingine kote rahisisha bila aibu.

Kwanza tuelewane uhalisia upi

Watu wengi wakisikia uhalisia wanawaza picha, majani yanayotikisika, jasho kwenye paji la uso. Huo ni uhalisia wa macho na siyo ninaouongelea. Ninaouongelea mimi ni wa kanuni, yani ukifanya A dunia ya gemu inajibu kama dunia yetu inavyojibu. Hivi vitu viwili havitembei pamoja kabisa. Dwarf Fortress ya ndugu wawili, Tarn na Zach Adams, ipo tangu 2006 na kwa miaka mingi picha zake zilikuwa herufi na alama za kibodi tu, mbuzi ni herufi, mlevi ni kialama kinachotabasamu, lakini ndani yake mwili wa kila kiumbe unahesabiwa kiungo kwa kiungo mpaka vidole, na kila mmoja ana kumbukumbu zake na watu anaowachukia. Picha nzuri zimekuja rasmi na toleo la Steam la Desemba 2022. Kwa upande wa pili Minecraft unaweza kuibandika modi (nyongeza wanazotengeneza wachezaji wenyewe) za mwanga mpaka maji yake yakang'aa kama bahari ya Nungwi, na bado ukichota ndoo mbili ukamimina kwenye kishimo cha bloki mbili kwa mbili umepata kisima kisichoisha milele.

Chuma, hapa ndo tofauti inaonekana vizuri

Minecraft: una sururu ya jiwe, unachimba mawe ya chuma matatu, unayatia kwenye tanuru pamoja na mbao zozote, kila jiwe linachukua sekunde 10, kwahiyo nusu dakika baadae una chuma ya kutosha sururu mpya, unaongeza vijiti viwili na kazi imeisha. Tanuru lenyewe unalibeba mfukoni ukihama.

Vintage Story ya Anego Studios, ambayo ilianza kama modi ya hiyohiyo Minecraft alafu ikajitegemea, ni habari nyingine. Unaanza na jiwe la gumegume, unaligonga kipande kwa kipande chini mpaka litoe umbo la kisu au shoka. Unatafuta udongo wa mfinyanzi, unafinyanga kalibu tabaka kwa tabaka, unaichoma kwenye shimo. Unaokota vipande vya shaba, 20 ndo vinatoa kichwa cha sururu, 20 vingine kichwa cha nyundo. Sasa unataka kuyeyusha, na shaba inayeyuka nyuzi 1084, ila kuni kwenye gemu hii zinaishia nyuzi 700, unakaa unaangalia moto unawaka na shaba imekuangalia tu. Inabidi uchome mkaa. Unachimba shimo, unapanga magogo, unawasha, unafukia, unasubiri, mtu yeyote aliyewahi kuona tanuri la mkaa Kisarawe au Kitui atajua hatua zote bila kufungua kitabu cha maelekezo.

Ukitoka shaba unaingia bronzi, unachanganya shaba na bati na bati liwe kati ya asilimia 8 na 12, ukikosea kiwango haichanganyiki. Ukitoka hapo ndo chuma. Chuma halisi inayeyuka nyuzi 1538 na tanuru la udongo halifiki huko, kwahiyo gemu haikudanganyi, inakupa bonge la chuma lenye matundumatundu lililochanganyika na takataka, unavunja tanuru unalitoa, unalipiga kwenye fuawe mpaka takataka zitoke. Hii siyo hadithi ya Ulaya peke yake ujue. Wahaya wa Kagera walikuwa wanatoa chuma kwa njia ya namna hii karibu miaka 2000 iliyopita, na matanuru yao yalikuwa ya moto mkali kiasi kwamba utafiti wa Peter Schmidt na Donald Avery uliotoka 1978 uliwashangaza watu waliodhani mambo hayo Afrika yalichelewa. Wafipa nao walikuwa na yale matanuru marefu ya malungu. Kwahiyo ukikaa Vintage Story ukaona hatua zimekuwa nyingi, ujue kuna mababu walizifanya zote bila kitufe cha kuseivu.

Sasa je, uhalisia huu unalipa? Kwangu mimi unalipa kwa sehemu kubwa, sababu kila hatua inazaa uamuzi. Mkaa unataka msitu, kwahiyo unakata miti iliyo karibu na nyumba au unapanda mingine mapema? Bati halipo hapa, unahama na vyungu vyako au unajenga kambi ya pili? Baridi imebaki wiki mbili, unaenda kutafuta madini au unalima? Haya ni maswali ya kweli, na yametokana na nyuzi 700 dhidi ya nyuzi 1084, namba mbili tu.

Kuligonga lile bonge kwenye fuawe ndo kuna utata. Mara ya kwanza unajisikia fundi, mara ya pili bado, ila baada ya hapo hakuna cha kuamua tena, ni mkono tu unabofya. Waliotengeneza waliliona hili, ndo maana ukifika mbali unaweza kujenga kinu cha upepo kikaendesha nyundo kubwa ikugongee mabonge yako wewe ukiwa unafanya mambo mengine. Kama unatengeneza gemu hapa pa kunakili: mfanye mtu ateseke mpaka aelewe kazi, alafu mpe mashine.

Na Minecraft kule iliporahisisha, imepoteza? Hapana, imehamisha tu maamuzi. Kwa vile chuma ni nusu dakika, akili yako yote inabaki kwenye unachojenga. Watu wametengeneza kikokotoo na hata kompyuta nzima ndani ya Minecraft kwa redstone, ule unga wa kwenye gemu unaopitisha ishara kama waya wa umeme, na imewezekana kwa sababu kanuni zake ni za kitoto na hazibadiliki, maji yanaenda bloki saba tambarare yanaishia hapo, leo na kesho na mwakani. Maji yangekuwa yanapungua, yanavuja, yanakauka na jua, hakuna shamba la kujiendesha lingefanya kazi siku mbili, na kompyuta yako ingekuwa inahema.

Njaa

Hapa nitasema kitu ambacho mashabiki wa Minecraft watanuna. Njaa ya Minecraft ni mbaya. Kabla ya Septemba 2011 haikuwepo, chakula kilikuwa dawa, ukila unapona papohapo, basi. Ikaja Beta 1.8 na mstari wa njaa wa pointi 20, lakini mkate unakaa kwenye sanduku miaka na miaka hauozi, ng'ombe wawili na ngano kidogo umemaliza tatizo la chakula maisha yako yote, na kuanzia hapo njaa haikuulizi chochote, inakukumbusha tu kubofya. Siyo uhalisia na siyo urahisi, ni kero iliyobaki hapo katikati.

Vintage Story imeenda mpaka mwisho. Chakula kinaoza, kwahiyo unachimba ghala chini ya ardhi sababu kuna ubaridi, unapika mchuzi unaziba chungu kwa mafuta ya mnyama ukae muda mrefu. Makundi ya chakula ni matano, matunda, nafaka, mboga, protini na maziwa, ukila yote kiwango chako cha juu cha afya kinapanda, ukila nyama tu kila siku unabaki dhaifu. Alafu kuna mwaka, kwa setingi za kawaida miezi 12 ya siku 9, kila siku dakika 48 za saa yako ya ukutani, yani mwaka mzima ni kama masaa 86 ya kucheza. Kwahiyo kipupwe kikikukuta ghala tupu siyo adhabu ya dakika mbili, una masaa kadhaa ya kujuta na kuwinda kwenye theluji. Kama hilo linakupa raha ya kuwaza, hii ni gemu yako. Kama umetoka kazini saa 12 jioni, ukakaa foleni mpaka saa 2 usiku, sidhani kama unataka kurudi nyumbani kuhangaikia unga wa mtu mwingine.

Valheim ndo imenifurahisha zaidi kwenye hili. Njaa haikuui kabisa. Usipokula unabaki na pointi 25 za maisha, unaweza kuokota matawi na kujenga banda siku nzima bila shida. Ila ukitaka kwenda kupigana unakula vyakula vitatu tofauti na kila kimoja kinakuongezea, kimoja uhai kingine pumzi, kwahiyo chakula kimegeuka kutoka adhabu kuwa maandalizi. Kwa uhalisia ni uongo mtupu, hakuna mtu anaishi bila kula, lakini kwa maamuzi ni tajiri kuliko Minecraft. Walioitengeneza, Iron Gate wa Sweden, walikuwa watu watano tu gemu ilipotoka, na nadhani uchache wao ulisaidia, huna nguvu ya kuweka kila kitu unachagua. Walichoamua kulipia ni miti inayoanguka, nyumba inayohitaji nguzo (ukiweka boriti mbali sana na msingi rangi yake inaenda njano, nyekundu, alafu linaporomoka) na moshi. Ukiwasha moto ndani bila kuacha tundu la moshi unakufa kwa moshi, kwahiyo kila mtu anajifunza kujenga dohani na nyumba zote zinakuwa na sura ya nyumba bila kuambiwa na mtu.

Tuliocheza GTA San Andreas ya 2004 kwenye vibanda vya PS2 mtaani tunakumbuka pia mhusika wake, CJ, alivyokuwa ananenepa kwa baga, ukimpeleka jimu anajaa kifua, ukimnyima chakula anakonda mpaka misuli inaisha. Tulicheka sana. Ila ni wangapi walimpeleka jimu zaidi ya mara chache? GTA V ya 2013 imeitoa yote na sijasikia maandamano makubwa.

Gari na farasi

Fupi tu hapa. GTA IV ya 2008 magari yalikuwa mazito, yanalala kwenye kona, breki inataka umbali, watu waligawanyika vibaya na bado wanabishana. GTA V ikayafanya magari yashike barabara kama yamegandishwa na gundi. Mimi niko upande wa IV, sababu uzito ule ulikufanya uamue kabla ya kona, lakini naelewa kwa nini mtu anayetaka kukimbizwa na polisi huku anacheka anataka ya V.

Red Dead Redemption 2 ya 2018, gemu ya makaoboi, inanisumbua kwenye msimamo wangu na siwezi kuificha. Unasafisha bunduki, unapiga farasi brashi, ukiua mnyama unakaa unatazama anachunwa mwanzo mwisho, kila mara. Maamuzi ndani yake ni madogo. Kwa hoja yangu yote hayo yangetakiwa kufutwa, ila ukiyafuta gemu inakufa, kwa sababu inachouza ni kuishi polepole kwenye nchi ile. Kwahiyo ndio, kuna uhalisia wa kuleta hali, na unafanya kazi kama una pesa na watu wa kutengeneza animesheni zisizochosha macho. Wewe na mshkaji wako mmoja na laptopu moja hamna hizo.

Mizigo

Bloki ya Minecraft ina upande wa mita moja. Dhahabu ya ujazo huo ni tani 19.3. Begi lina nafasi 36, kila moja bloki 64, jumla 2304, kwahiyo mtu wako anatembea, anaogelea na anaruka na tani kama 44,000 za dhahabu mgongoni. Na hakuna anayejali, kwa sababu gemu ya kujenga ikikuwekea uzito imekugeuza mpagazi. Project Zomboid imeweka uzito na imefanya vizuri, kwa sababu pale swali lenyewe ndo hilo: uko dukani, zombi wanakuja, unabeba makopo ya maharage au jenereta? Ukizidisha unaenda polepole, na polepole kule Kentucky ya Zomboid ni kifo. Kung'atwa ni asilimia 100 unaambukizwa, kuchanwa nyama ni asilimia 25, kukwaruzwa ni 7. Namba hizi zinatisha mpaka unaanza kuheshimu zombi mmoja wa peke yake. Na umeme na maji ya bomba kwa setingi za kawaida vinakatika ndani ya mwezi wa kwanza, hujui lini, kwahiyo kila jioni unajaza ndoo na sufuria kama unaishi mtaa wenye mgao.

Kerbal, mfano ninaoupenda kuliko yote

Kama nataka kumwonyesha mtu jinsi ya kuchanganya uhalisia na urahisi namwonyesha Kerbal Space Program ya Squad, kampuni ya Mexico, ambayo ilianza kuchezwa 2011 na toleo la 1.0 likatoka Aprili 2015. Unaunda roketi na kurusha vijitu vya kijani angani, na watu wanadhani ni ya kihalisia sana. Siyo. Sayari yao, Kerbin, ina nusu kipenyo cha kilomita 600, ya kwetu ni 6371, ila mvutano wa chini ni uleule. Ukipiga hesabu sayari ndogo hivyo yenye mvutano huo inabidi iwe nzito kwa ujazo mara kumi na zaidi ya Dunia, nzito kuliko osmiamu ambayo ndo madini mazito kuliko yote tunayoyajua. Haiwezekani. Waliifanya hivyo makusudi, kwa vile kukaa kwenye mzingo wa Dunia, yani njia ya kuizunguka huko angani, kunataka kasi karibu kilomita 7.8 kwa sekunde, Kerbin inataka kama 2.3, kwahiyo roketi ya mwanzo inakuwa ndogo na safari ya kupanda inakuwa fupi, ukilipuka unajaribu tena kabla chai haijapoa. Alafu chombo chako kinavutwa na sayari moja tu kwa wakati, siyo zote kwa pamoja kama angani kwetu.

Ila sheria ya mzingo yenyewe hawakuigusa. Unataka kumfikia mwenzako aliye mbele yako kwenye mzingo huohuo? Ukisukuma kwenda mbele unapanda juu na unazidi kuachwa nyuma. Inabidi upunguze mwendo, ushuke mzingo wa chini unaozunguka haraka, umpate, upande tena. Hakuna akili ya barabarani inayokuandaa kwa hilo, na ukilielewa umeelewa kitu ambacho marubani wa kweli wa vyombo vya anga walilazimika kujifunza. Yani wamechukua uhalisia mmoja mgumu, wakaulinda, na kwa ajili yake wakadanganya karibu kila kitu kingine. Wanaotaka zaidi wapo na modi zao, Real Solar System inaleta mfumo wa jua letu kwa vipimo vyake, Principia inafanya kila sayari ivute kwa wakati mmoja, na hiyo ni sehemu yao waachiwe, ila isiwe mlango wa kuingilia.

Uhalisia unapogeuka mzigo

SimCity ya 2013, gemu ya kujenga na kuendesha mji, dizaina wake mkuu Stone Librande alishaeleza kwamba walipopima maduka halisi wakagundua maegesho ya magari mara nyingi ni makubwa kuliko duka lenyewe, na wangeyaweka kwa kipimo chake mji mzima ungekuwa uwanja wa kuegesha magari. Wakaamua tu yako chini ya ardhi, hayaonekani. Uamuzi wa busara kabisa. Cities: Skylines nayo toleo la kwanza gari likifika mwisho wa safari bila nafasi linayeyuka, na watu walicheka ila walicheza. Ikaja Cities: Skylines II Oktoba 2023, nzito kwenye mashine, watu wakafungua mafaili wakakuta wananchi wa mji wana meno kamili kinywani, kwenye gemu unayoitazama kutoka angani. Meno hayakuwa sababu pekee ya uzito lakini yanaeleza tatizo vizuri kuliko mimi, hakuna meya anayeamua kitu kwa kuangalia meno.

Na uhalisia wa kanuni unaleta bagi, yani hitilafu za programu, ambazo huwezi kuziwaza. Dwarf Fortress ilipoongezewa baa za pombe, paka wakaanza kufa hovyo. Kumbe walevi wanamwaga pombe sakafuni, paka wanaikanyaga, wanajilamba miguu kama paka wanavyofanya, na programu ilikuwa inahesabu kila kulamba kama kikombe kizima, mwili wa paka ni mdogo, anakufa kwa pombe. Ukitoa hicho kipimo cha kikombe, kila kanuni peke yake ilikuwa sawa. Hiki ndo kitu cha ajabu cha uhalisia, unazaa visa ambavyo hakuna mwandishi angevitunga, ila ni wewe utakaeamka usiku kutafuta kwa nini paka wanakufa.

Haya, wewe unaenda wapi

Kama una simu tu, mjadala umeshakufanyia uamuzi, Minecraft ipo kwenye simu, Vintage Story ni ya kompyuta peke yake na Zomboid hivohivo. Kama una kompyuta ya kawaida na bando la kubana, Valheim ilipotoka ilikuwa kama GB 1, wakati Red Dead 2 kwenye kompyuta inataka nafasi ya GB 150, ukishusha hiyo kwa bando la wiki utakuwa unalia. Kumbuka pia gemu za uhalisia wa kanuni zinakula prosesa zaidi ya kadi ya picha, Dwarf Fortress ikijaa watu inakuwa kobe hata kwenye mashine ya mamilioni.

Una masaa machache kwa wiki au unacheza na wadogo zako, nenda upande wa urahisi, Minecraft au Valheim. Ni mtu wa kupanga, unapenda kujua kwa nini moto haujatosha, na una wikendi ndefu, Vintage Story, na ukiona mazimwi ya kutu yaliyomo humo yanakuharibia ladha kuna aina ya mchezo inaitwa Homo Sapiens inaondoa mambo yote ya kimiujiza unabaki wewe na baridi. Unapenda hofu, Zomboid, na usione haya kuingia setingi zake ukapunguza kasi ya zombi au ukazima maambukizi kabisa, zimewekwa hapo zitumike.

Kwa anayetengeneza, hizo swichi zisikudanganye. Kuweka setingi mia ili kila mtu ajichagulie kunafaa ukishajua gemu yako ni ipi, kabla ya hapo ni kumtupia mchezaji kazi yako. Tuseme unataka sandboksi ya daladala Dar. Chukua uhalisia mmoja uulinde, mimi ningechukua hesabu ya tajiri: kila siku jioni kuna kiasi lazima kifike mkononi mwake, mafuta yanatoka kwako, kinachobaki mnagawana na konda. Kwenye hicho usidanganye hata shilingi, foleni iwe na masaa yake, abiria wawe na masaa yao, mvua ipandishe watu vituoni na ipunguze mwendo. Gia, mafuta ya injini, njaa ya dereva, kufuta vioo, maegesho, dondosha vyote, gari liende mbele na lisimame. Alafu wape watu wacheze bila maelezo. Wakifika saa la pili la kucheza wanabishana wenyewe kwa wenyewe kama ni bora kugeuzia njiani na gari nusu tupu au kwenda mpaka mwisho wa ruti kuwahi abiria wa jioni, endelea kuongeza hapohapo. Wakianza kuuliza hii sehemu inarukwaje, ifute siku hiyohiyo, hata kama ndo iliyokuchukua mwezi mzima kuandika.